Nyundo za Pythagoras na Nyuzi za Mpiga Luti

Vitabu vya muziki vya Ulaya ya zama za kati havichoki kusimulia kisa cha mhunzi. Pythagoras alikuwa akipita, akasikia nyundo zikigonga kwa sauti zinazopatana. Akaingia, akazipima, akakuta uzito wake ni 12, 9, 8 na 6. Ile ya 12 na ile ya 6 zilipishana kwa oktavu moja kamili. Akaenda nyumbani, akatundika uzani huohuo kwenye nyuzi nne zilizolingana, nazo zikaimba vilevile.

Kisa kitamu, lakini hakiwezekani. Sauti ya nyundo haifuati uzito wake kwa hesabu nyepesi hivyo. Nyuzi ndizo zinazokiumbua zaidi: ukizidisha uzani mara mbili, noti hupanda nusu tu ya oktavu, na noti hizo mbili zikipigwa pamoja hukwaruza masikio. Kupata oktavu kamili unahitaji uzani mara nne. Nyuzi mbili na mawe machache yangetosha kuligundua hilo. Hata hivyo Nicomachus alikiandika katika karne ya 2, Boethius akakirudia mwanzoni mwa karne ya 6, na mwaka 1492 Franchino Gaffurio akakitilia picha katika kitabu kilichochapwa Milan. Wote wasomi wa kuheshimika!

Kilichowapoteza, nadhani, ni kwamba namba zenyewe ni sahihi, ila zimewekwa mahali pasipo pake. Zinahusu urefu wa uzi. Bana uzi katikati, upige nusu yake: utapata oktavu, kwa kuwa nusu hiyo hutetema mara mbili kwa muda uleule. Mkazo una hesabu nyingine.

Aliyelisema hilo waziwazi alikuwa mpiga luti wa Florence, Vincenzo Galilei, baba yake Galileo. (Luti ni mtoto wa udi wetu wa taarab, hata jina limetokana na Kiarabu, al-ud.) Alikuwa amesoma kwa Gioseffo Zarlino, bingwa wa nadharia ya muziki huko Venice, kisha wakakosana vibaya. Katika kitabu chake cha 1589, alichokiandika kumpinga mwalimu huyo, alieleza kwamba uzani wa oktavu lazima uwe 4 kwa 1. Mwanawe alikuwa na miaka 25, na wapo wanahistoria wanaodhani alishiriki katika majaribio hayo. Sishangai kwamba aliyegundua ni mpiga ala: kila siku vidole vyake vilikuwa vikikaza na kulegeza nyuzi.

Mwaka 1636 mtawa wa Kifaransa, Marin Mersenne, alikamilisha hesabu kwa nyuzi ndefu mno, zinazotetema polepole kiasi cha kuhesabika kwa macho. Akaunganisha urefu, mkazo na uzito wa uzi wenyewe. Kwa hesabu hiyo, anayetaka mitetemo mara tatu kwa kukaza tu lazima akaze mara tisa, na uzi mwingi utakatika kabla ya hapo. Ndiyo maana noti za chini za udi hutoka kwenye nyuzi nzito, si kwenye uzi mwembamba uliolegezwa hadi ukaning'inia.