uvujaji wa kumbukumbu

Nomino, ngeli ya U. Pia: *mvujo wa kumbukumbu* (wingi: *mivujo*, ngeli ya U-I). Kitenzi: *vujisha kumbukumbu*.

Maana
Hitilafu ya programu inayotenga sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta kwa kazi fulani, kisha isiirejeshe kazi hiyo inapokwisha. Sehemu hiyo huhesabika kuwa inatumika, ilhali hakuna anayeitumia.

Taswira ya neno
Kitenzi *vuja* hueleza kimiminika kinachopenya ufa: paa huvuja, mtungi huvuja. Taswira hii inaweza kumpotosha mfasiri, kwani mtungi unaovuja hupungua, ilhali kompyuta yenye hitilafu hii hujaa. Hakuna kinachotoka nje. Kinachopungua ni nafasi iliyo huru. Haba na haba hujaza kibaba.

Mwalimu wa Kizwite, mjini Sumbawanga, anaweza kuwaeleza wanafunzi wake kwa mfano wa ghala la mahindi. Kila gunia lina stakabadhi inayoonyesha lilipo. Stakabadhi ikipotea, gunia haliondoki; hubaki limekalia nafasi, wala hapana awezaye kulidai. Katika programu, stakabadhi hiyo ni *kielekezi*, yaani thamani inayohifadhi anwani ya sehemu iliyotengwa.

Katika kiini cha mfumo endeshi
Programu ya kawaida inapofungwa, mfumo endeshi huichukua kumbukumbu yake yote, hata iliyovujishwa. Kiini hakina msimamizi wa namna hiyo juu yake: kilichovujishwa ndani yake kwa kawaida hubaki hadi mashine iwashwe upya. Kwa hiyo mvujo mdogo katika kiendeshi cha kifaa unaweza kuiangusha seva iliyofanya kazi miezi kadhaa bila kuzimwa.

Uchunguzi huanza kwa kupima. Mashine hupewa kazi ileile mara nyingi, na kila inapotulia hesabu hulinganishwa. Katika Linux, faili */proc/slabinfo* huonyesha ni aina gani ya vitu inayoongezeka bila kupungua. Ongezeko peke yake si ushahidi: Linux hutumia nafasi iliyo huru kuweka nakala za faili zilizosomwa, na huiachilia inapohitajika.

Hatua ya pili ni kumtafuta aliyetenga. Zana ya *kmemleak*, iliyoingizwa katika Linux toleo la 2.6.31 mwaka 2009, hufanya kazi ya mkaguzi wa ghala: hupekua kumbukumbu ikitafuta vielekezi, kisha huorodhesha sehemu zisizoelekezwa na chochote, pamoja na mfuatano wa miito uliozitenga. Orodha hiyo ni ya washukiwa; huenda kielekezi kimehifadhiwa kwa namna ambayo zana haikitambui. Tena, sehemu iliyosahauliwa lakini ambayo bado ina kielekezi haitaonekana humo. Mara nyingi kosa hupatikana katika njia ya dharura: kazi inashindikana katikati, na msimbo unarudi bila kuachilia ulichokwisha kutenga.

Tahadhari kwa wafasiri
Neno *kumbukumbu* hutumika pia kwa maandishi yaliyohifadhiwa, kama kumbukumbu za mkutano. Na *vujisha* hutumika kwa kutoa siri, kama kuvujisha mtihani. Upatanisho wa kisarufi husaidia kutenganisha maana:

- *uvujaji wa kumbukumbu ya kiini*: hitilafu ya nafasi, hakuna siri iliyotoka.
- *uvujaji wa kumbukumbu za wagonjwa*: taarifa zimewafikia wasiohusika.

Kosa la herufi moja katika tangazo la usalama linaweza kuwatia watu hofu bure, au kuwatuliza palipo na hatari. Panapokuwa na shaka, andika *uvujaji wa taarifa* kwa maana ya pili.

Mifano
- Kiendeshi hiki huvujisha kumbukumbu kila kebo ya mtandao inapochomolewa.
- Kuwasha mashine upya huficha mvujo, hakuuzibi.

Linganisha
*tenga*: kuipa kazi sehemu ya kumbukumbu. *achilia*: kuirejesha sehemu hiyo. *hifadhi*: mahali data inapokaa hata umeme ukikatika, si kisawe cha *kumbukumbu* katika istilahi hii.