Kiatu cha Barafuni: Kutoka Misumari hadi Usufi

Rwenzori inapotajwa, aghalabu watu hufikiria ukungu na tope. Hata hivyo, kilele chake cha Margherita, chenye urefu wa mita 5,109 mpakani mwa Uganda na Kongo, kina barafu, ingawa imepungua mno tangu Luigi Amedeo, wa ukoo wa kifalme wa Italia, alipofika hapo tarehe 18 Juni 1906. Wapagazi wake Wakonzo walitembea peku. Wapandaji wa Kizungu wa enzi hiyo walivaa buti za ngozi zenye soli zilizopigiliwa misumari. Makala haya fupi yanaeleza jinsi buti hizo zilivyobadilika, kwani katika mabadiliko hayo ndimo tunamopata vigezo vya kuchagua buti inayomkaa mtu vizuri.

Misumari ilishika mwamba na barafu, lakini ilikuwa chuma, na chuma hupitisha baridi. Joto la mguu lilitoroka kupitia soli. Mwaka 1935, wapandaji sita walikufa katika Punta Rasica, milima ya Alps upande wa Italia. Mwenzao, Vitale Bramani, aliona kwamba viatu vyao vilichangia msiba ule, na kufikia mwaka 1937 alikuwa ametengeneza soli ya mpira yenye meno makubwa. Soli hiyo ndiyo mama wa soli nyingi za leo.

Mpira peke yake, hata hivyo, huteleza juu ya barafu ngumu. Hapo inahitajika kramponi, yaani fremu ya miiba ya chuma inayofungwa chini ya buti. (Wapo watakaopenda kuiita njumu ya barafu, binafsi naona jina hilo litawachanganya wapenzi wa kandanda.) Mwingereza Oscar Eckenstein alisanifu kramponi ya miiba kumi mwaka 1908, na mwaka 1929 Laurent Grivel wa Italia akaongeza miiba miwili inayoelekea mbele. Tangu hapo mpandaji aliweza kuukabili ukuta wa barafu na kusimama kwa ncha za miguu. Jambo hilo lilibadilisha mahitaji yote ya kiatu. Buti laini hujikunja, kramponi hulegea, na misuli ya nyuma ya mguu huchoka upesi. Soli ngumu ikawa sharti.

Lakini ugumu si kubana. Mwaka 1950 Wafaransa Maurice Herzog na Louis Lachenal walifika kilele cha Annapurna, huko Nepal, wakiwa na buti za ngozi. Wote wawili walikatwa vidole vya miguu vilivyokuwa vimeganda. Lachenal alikuwa mtu aliyejipatia riziki kwa kuongoza wapandaji. Kwa ajili ya safari ya Everest ya mwaka 1953, Waingereza walitengeneza buti maalumu zilizojazwa usufi, usufi uleule tunaotilia mito. Usufi huhifadhi hewa, na hewa iliyotulia huzuia baridi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 zikaja buti za plastiki zenye kiatu laini ndani yake.

Basi anayechagua buti ya barafu aanze na kisigino: kisiinuke hata kidogo anaposimama kwa ncha za miguu. Vidole, kinyume chake, vipate nafasi ya kuchezacheza. Buti ikivibana, damu haifiki, na hata usufi hautavisaidia. Apige teke ukuta mara kadhaa. Kidole kikigonga mbele, aiache. Ajaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na avae soksi atakazopandia. Soksi za ziada hazirekebishi buti kubwa.

Huku kwetu wengi hupita tope la Rwenzori kwa gambuti, kisha hubadilisha viatu karibu na barafu, kwenye kibanda cha Elena, mita 4,541. Buti za kukodi zijaribiwe bondeni, pamoja na kramponi zake. Elena hakuna jozi nyingine ya kubadilishana.