Wanafunzi 27 wa Cincinnati

Juzi nilifungua mradi wangu wa mwaka wa nne chuoni: programu ya kusimamia maktaba. Ulinipa alama nzuri, lakini hakuna mkutubi aliyewahi kuitumia. Wala mimi sikuwahi kuongea na mkutubi nilipokuwa naiandika! Nikajiuliza, nani wa kwanza kuliona tatizo hili?

Nikakutana na Herman Schneider. Alipokuwa akifundisha Lehigh, Pennsylvania, jirani na viwanda vya chuma vya Bethlehem, aligundua kwamba wahitimu waliong'ara kazini mara nyingi ni wale waliofanya kazi huku wakisoma. Karakana halisi iko kiwandani, chuo kinanunua mashine za kuigizia za nini?

Alihamia Chuo Kikuu cha Cincinnati, na mwaka 1906 akaanza na wanafunzi 27. Wawili waligawana nafasi moja ya kazi: wiki hii mmoja yuko darasani, mwenzake kiwandani, wiki ijayo wanabadilishana. Mashine haikosi mtu, na mshahara unaingia. Bodi ya chuo ilikubali shingo upande. Ilimpa mwaka mmoja wa majaribio na kutamka wazi kwamba mambo yakiharibika, yenyewe haimo. (Mabosi ni wale wale.)

Mwaka 1963, Jack Alford na Mack Gilkeson wa Harvey Mudd, California, waligeuza mambo: badala ya mwanafunzi kupelekwa kiwandani, tatizo la kiwanda likaletwa chuoni. Waliuita mpango huo kliniki, kwa mfano wa wanafunzi wa udaktari wanaojifunza kwa wagonjwa wa kweli. Kampuni inalipa, kikundi cha wanafunzi kinahangaika na tatizo mwaka mzima wa masomo. Hakuna majibu nyuma ya kitabu, hata mhadhiri hana. Hapo ndipo napapenda.

Sisi huku tunapelekwa viwandani kwa miezi michache. Mimi nilibeba nyaya na kuchemsha chai, hadi siku karani wa stoo aliponilalamikia kwamba hesabu zake hazilingani na mali iliyo kwenye rafu. Nikamwandikia kiprogramu kidogo. Alikirudisha mara nne. Mara ya kwanza, eti tarakimu ni ndogo mno, hazisomeki bila miwani.