Bisfosfoneti: Dawa zinazozima seli zinazokula mfupa

Mfupa wa mtu mzima si jiwe. Kila siku kuna sehemu inabomolewa na nyingine inajengwa, kiasi kwamba karibu asilimia 10 ya mifupa yote hufanywa upya kila mwaka.

Wabomoaji ni seli zinazoitwa osteoklasti. Ni kubwa, zina viini vingi, na asili yake ni kwenye uboho. Osteoklasti hujibandika juu ya mfupa kama kikombe kilichofunikwa mezani, kisha humwaga tindikali ndani ya eneo hilo. Tindikali inayeyusha kalsiamu, na vimeng'enya vinamalizia protini iliyobaki. Baadaye seli nyingine, osteoblasti, huja kujaza shimo.

Shida inaanza pale ubomoaji unapoushinda ujenzi. Kwa wanawake hutokea sana baada ya kukoma hedhi, kwa sababu homoni ya estrojeni ndiyo iliyokuwa ikizidhibiti osteoklasti. Saratani ya matiti au ya tezi dume ikifika kwenye mifupa nayo huzichochea seli hizo hizo. Mtu anateleza tu bafuni, nyonga inavunjika.

Hapo ndipo bisfosfoneti zinapoingia. Kumbe kemikali za jamii hii zilianzia viwandani, ambako zilitumika kuzuia chokaa kuganda kwenye mabomba ya maji! Miaka ya 1960 mtafiti wa Uswisi, Herbert Fleisch, alikuwa akichunguza pirofosfati, kitu cha asili mwilini kinachozuia madini kuganda mahali pasipotakiwa. Ila pirofosfati ikimezwa huvunjwa upesi. Bisfosfoneti zinafanana nayo, isipokuwa oksijeni ya katikati imebadilishwa na kaboni, na kiungo hicho mwili hauwezi kukikata. Fleisch na wenzake walichapisha matokeo yao mwaka 1969.

Dawa hii inashikana sana na kalsiamu. Ikiingia kwenye damu, sehemu yake hunata kwenye mfupa, hasa pale panapobomolewa, na inayobaki hutoka na mkojo. Inakaa pale kimya. Osteoklasti ikija na kumwaga tindikali yake, dawa inaachia na seli inaimeza pamoja na vipande vya mfupa. Yaani seli inajitilia sumu yenyewe, ndiyo maana viungo vingine vya mwili haviguswi sana.

Ndani ya seli, dawa za mwanzo kama klodroneti hugeuka kuwa nishati bandia isiyotumika, na seli hufa. Zile za baadaye, kama alendroneti na asidi ya zoledroniki, zina naitrojeni na nguvu kubwa zaidi. Zinazuia kimeng'enya kimoja kwenye njia ile ile ambayo seli huitumia kutengeneza kolesteroli. Matokeo yake, protini muhimu zinakosa mkia wa mafuta unaozishikiza kwenye utando wa seli. Osteoklasti inapoteza ukingo wake wenye mikunjo, ule unaomwaga tindikali. Inaacha kazi, na nyingi hufa.

Je, inasaidia? Katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2007, wanawake waliochomwa asidi ya zoledroniki mara moja kwa mwaka, kwa miaka 3, walipungukiwa na mivunjiko ya pingili za mgongo kwa asilimia 70 na ya nyonga kwa asilimia 41, wakilinganishwa na waliopewa dawa bandia.

Vidonge vina masharti, na wengi wanakosea hapa. Hata vikimezwa vizuri, chini ya asilimia 1 ya dawa ndiyo inayoingia kwenye damu. Ukimeza na chai ya maziwa, kalsiamu ya maziwa inaikamata tumboni na hupati kitu. Alendroneti humezwa asubuhi kabla ya kula chochote, kwa glasi nzima ya maji matupu, kisha mtu asilale wala kula kwa angalau nusu saa. Kidonge kikikwama njiani kinaweza kuchubua umio.

Kuna upande mwingine. Dawa iliyonata kwenye mfupa hukaa humo miaka mingi, na kwa kuwa ujenzi hufuata ubomoaji, kuzima wabomoaji kunapunguza pia ukarabati wa nyufa ndogo. Kwa nadra, mfupa wa paja huvunjika kwa namna isiyo ya kawaida, au mfupa wa taya hufa baada ya kung'olewa jino. Tatizo la taya huwapata zaidi wagonjwa wa saratani wanaochomwa dozi kubwa mara kwa mara, hivyo ni vizuri meno yatibiwe kabla ya kuanza dawa. Figo na kiwango cha kalsiamu navyo hupimwa mapema.

Asiye katika hatari kubwa ya kuvunjika huweza kupumzishwa na daktari baada ya miaka 5 ya vidonge, au 3 ya sindano. Hata hapo, dawa iliyobaki mfupani huendelea kufanya kazi kwa muda.