Kusoma na Kusomewa: Historia ya Ufahamu wa Kiingereza cha Biashara katika Wilaya ya Rungwe, 1891–2023

Utangulizi

Historia ya Kiingereza nchini Tanzania imeandikwa kwa kiasi kikubwa kama historia ya sera: lugha ipi ifundishie, katika ngazi ipi, na kwa agizo la nani. Mkabala huo umezaa kazi muhimu, lakini umeacha pembeni swali moja la kawaida zaidi. Watu waliofundishwa Kiingereza hadi kiwango cha kati, yaani wale wanaoweza kufuata aya fupi bila kuwa wamebobea, walitakiwa kusoma nini baada ya kutoka darasani? Katika Wilaya ya Rungwe jibu linapatikana kwa urahisi kiasi, kwa sababu uchumi wa wilaya hiyo umefungamana na masoko ya mbali kwa zaidi ya karne moja. Walitakiwa kusoma mikataba ya kazi, hati za mauzo, taarifa za bei na masharti ya ununuzi wa mazao.

Insha hii inajadili kwamba zoezi la ufahamu lililofundishwa shuleni na ufahamu uliohitajika mbele ya karatasi hizo vilikua kama mambo mawili tofauti, na kwamba pengo kati yake lilikuwa na gharama kwa kaya za Rungwe. Mtazamo unaoongoza mjadala ni ule wa Street (1984), anayeuona usomaji kuwa ni desturi ya kijamii yenye kubeba mamlaka, wala si stadi tupu inayohamishika kutoka mazingira moja hadi mengine bila kubadilika.

Lugha tatu na njia ya kusini

Mwaka 1891 wamisionari Wajerumani wa Kanisa la Moravian, wakiongozwa na Theodor Meyer, walianzisha kituo cha Rungwe chini ya mlima wa jina hilo. Mwaka huohuo wenzao wa Misheni ya Berlin, chini ya Alexander Merensky, walijenga Wangemannshöhe. Misheni zote mbili zilifundisha kusoma kwa Kinyakyusa. Utawala wa Kijerumani, uliohamishia makao yake kutoka mwambao wa Ziwa Nyasa hadi Neu-Langenburg, ambayo ndiyo Tukuyu ya leo, uliendesha shughuli zake za kila siku na wenyeji kwa Kiswahili. Kiingereza hakikuwa na nafasi katika kanisa wala katika boma. Hata hivyo, kilikuwa karibu. Kampuni ya African Lakes, iliyoanzishwa mwaka 1878 na kujulikana zaidi na wenyeji wa Nyasa kwa jina la Mandala, ilikuwa na kituo Karonga, na vitabu vyake vya hesabu viliandikwa kwa Kiingereza.

Kwa hiyo Kiingereza kilifika Rungwe kwanza kama lugha ya duka na bohari, kikitokea kusini, kabla ya kufika kama somo. Jambo hili halitiliwi mkazo wa kutosha katika maandiko yanayoanza historia ya Kiingereza na kuingia kwa Waingereza mwaka 1916. Baada ya vita, vituo vya Wajerumani viliwekwa kwa muda chini ya uangalizi wa Misheni ya Livingstonia ya Waskoti, na Wajerumani waliruhusiwa kurejea katikati ya miaka ya 1920 (Wright, 1971). Livingstonia, chini ya Robert Laws, ilikuwa imejijengea sifa kwa Taasisi ya Overtoun, iliyotoa mafunzo ya ufundi na ya ukarani kwa Kiingereza. Kipindi chake Rungwe kilikuwa kifupi, lakini wazo kwamba kijana anaweza kusoma Kiingereza ili awe karani halikuondoka na Waskoti.

Mkataba uliosomwa na mtu mwingine

Katika miaka ya 1930 hadi 1950 karatasi ya Kiingereza iliyowagusa Wanyakyusa wengi zaidi haikuwa ya shule wala ya kanisa, bali mkataba wa kazi. Gulliver (1957) alionesha jinsi uhamaji wa wafanyakazi ulivyokuwa sehemu ya kawaida ya maisha ya wanaume wa Rungwe. Walikwenda machimbo ya dhahabu ya Lupa, migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini na, kupitia shirika la uajiri lililoitwa Wenela, migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini.

Mkataba wa Kimataifa wa Kazi Na. 64 wa mwaka 1939, uliohusu ajira ya wenyeji wa makoloni, uliweka sharti linalostahili kuangaliwa kwa makini. Ofisa wa umma alitakiwa kuthibitisha mkataba wa kazi, na kabla ya kuuthibitisha alipaswa kujiridhisha kwamba mfanyakazi ameyaelewa masharti yake. Ufahamu, kwa maneno mengine, ulikuwa takwa la kisheria. Lakini ulikuwa ufahamu wa kusikia. Mfanyakazi asiyejua Kiingereza hakuwa na njia ya kusoma karatasi yake. Alisomewa na kutafsiriwa.

Kitenzi hicho cha Kiswahili kinabeba uhusiano mzima wa kijamii. Anayesoma anaweza kurudi nyuma, kulinganisha kifungu cha pili na cha saba, na kukaa kimya akitafakari. Anayesomewa hupokea kile msomaji alichoona kinafaa kutamkwa, kwa mpangilio na kasi ya msomaji huyo. Mkalimani angeweza kuwa mwaminifu kabisa na bado akafupisha. Na vifungu vinavyofupishwa kwa urahisi zaidi ni vile vya makato, vya ujira ulioahirishwa na vya kuvunja mkataba kabla ya muda, kwa kuwa ndivyo virefu na vigumu kutafsirika papo kwa papo. Migodini kwenyewe lugha ya kazi ilikuwa Fanagalo, iliyotosha kwa amri na majina ya zana, lakini haikumsaidia mtu kusoma hati yake. Baada ya uhuru serikali ya Tanganyika ilisitisha uajiri wa Wenela. Desturi ya kusomewa haikukoma pamoja nao.

Zoezi la ufahamu darasani

Chini ya Waingereza, Kiswahili kilifundishia madarasa ya chini. Kiingereza kilianza kama somo na kugeuka lugha ya kufundishia kwa wachache waliopanda juu. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia elimu yote ya msingi, huku sekondari ikibaki na Kiingereza. Tume ya Rais ya Elimu chini ya Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari nazo zihamie Kiswahili. Serikali haikulikubali pendekezo hilo. Miaka miwili baadaye Criper na Dodd (1984) waliripoti kwamba ni takriban asilimia 10 tu ya wanafunzi wa Kidato cha Nne waliokuwa wamefikia kiwango ambacho mtu angetarajia ufundishaji kwa Kiingereza uanzie.

Takwimu hiyo imenukuliwa mara nyingi mno katika mjadala wa lugha ya kufundishia, na mara chache sana katika mjadala wa nini kilichosomwa. Zoezi la ufahamu, ambalo pamoja na ufupisho lilikuwa na nafasi ya kudumu katika mtihani wa Kiingereza wa Kidato cha Nne, lina umbo linalojulikana na kila aliyepita sekondari ya Tanzania: kifungu cha aya chache, kisha maswali ya nani, nini, wapi na kwa nini, na mwisho msamiati wa kuelezwa. Mwanafunzi hodari wa kiwango cha kati hugundua mapema kwamba maswali mengi hujibika kwa kutafuta katika kifungu neno lililomo katika swali, kisha kunakili sentensi inayolizunguka. Si udanganyifu. Ni mkakati halali uliozawadiwa alama. Mradi wa kusaidia ufundishaji wa Kiingereza, uliofadhiliwa na Uingereza kuanzia nusu ya pili ya miaka ya 1980, ulipeleka shuleni vitabu vya ziada, na ulihimiza usomaji mpana kwa njia iliyohitajika sana. Lakini usomaji uliokusudiwa ulikuwa zaidi wa hadithi.

Karatasi ya biashara humshinda msomaji wa namna hiyo kwa sababu tatu, na ya kwanza ni ndogo kuliko inavyodhaniwa: msamiati. Anayejua kwamba “interest” ni hamu na “net” ni wavu au chandarua atakwama mbele ya riba na uzito halisi, lakini akielezwa mara moja hukumbuka. Ya pili ni nzito zaidi. Sarufi ya shule ilifundisha “shall” kama alama ya wakati ujao kwa nafsi ya kwanza, na “may” kama neno la uwezekano au la kuombea ruhusa. Katika mikataba ya Kiingereza “shall” hubebesha wajibu na “may” hutoa haki. Pale mkulima anapopewa la kwanza na mnunuzi la pili, mkulima analazimika kupeleka mazao, ilhali mnunuzi ana hiari ya kuyakataa. Msomaji wa kiwango cha kati huona maneno yote mawili anayafahamu, hupita, na hana sababu ya kushuku kwamba hajaelewa. Neno gumu humsimamisha msomaji. Neno jepesi lililobadili kazi halimsimamishi. Ya tatu ni kwamba maana ya hati za biashara mara nyingi haimo katika sentensi yoyote moja. Imo kati ya safu mbili za jedwali.

Kilo za shambani na kilo za mnadani

Chai inadhihirisha hilo vizuri kuliko zao jingine lolote la wilaya. Ilipandwa kwa majaribio Kyimbila, jirani na Tukuyu, mwaka 1904, na uzalishaji wa kibiashara nchini ukashika kasi kuanzia mwaka 1926 katika mashamba makubwa. Wakulima wadogo waliingia kwa wingi baada ya uhuru. Mamlaka ya Chai, iliyoundwa mwaka 1968, ndiyo iliyowasimamia na kuendesha viwanda vya Katumba na Mwakaleli. Chini ya Mamlaka mkulima hakulazimika kusoma Kiingereza: alipewa stakabadhi, alitangaziwa bei na serikali, na nyaraka za soko la nje zilibaki ofisini. Mfumo huo ulikuwa na kasoro nyingi za malipo, lakini mzigo wa kusoma haukuwa wa kijiji.

Mageuzi ya miaka ya 1990, yaliyofikia kilele katika Sheria ya Chai ya mwaka 1997, yalibadili hali hiyo kwa namna isiyozungumzwa sana. Viwanda vya Katumba na Mwakaleli, cha pili kikiwa sasa katika eneo la Halmashauri ya Busokelo, vilipita mikononi mwa kampuni ya Wakulima, ambamo chama cha wakulima wadogo wa chai wa Rungwe kilishika hisa pamoja na mwekezaji binafsi. Mkulima akawa muuzaji wa majani na pia, kupitia chama chake, mmoja wa wamiliki wa kiwanda kinachoyanunua. Umiliki huja na karatasi: taarifa za hesabu, maazimio, masharti ya mikopo na ripoti za ukaguzi wa vyeti vya biashara ya haki.

Sehemu kubwa ya chai ya Afrika Mashariki huuzwa katika mnada uliohamia Mombasa kutoka Nairobi mwaka 1969, na ambao tangu miaka ya 1990 hufanyika kwa dola za Marekani. Katalogi ya mnada huo ni matini fupi mno. Mstari mmoja hutaja alama ya kiwanda, namba ya ankara, daraja kama BP1, PF1 au D1, idadi ya mifuko na uzito halisi wa kilo. Hakuna kitenzi hata kimoja. Kwa vipimo vya zoezi la ufahamu ni rahisi kupindukia. Lakini kilo ya katalogi ni ya chai kavu, na kilo ya stakabadhi ya kijijini ni ya majani mabichi. Huhitajika takriban kilo 4.5 za majani kupata kilo moja ya chai. Mkulima anayesikia bei ya Mombasa na kuilinganisha moja kwa moja na aliyolipwa atahitimisha kwamba ameibiwa sehemu kubwa ya haki yake. Hitimisho hilo linaweza kuwa la makosa kabisa, kwa kuwa bado hajagawa kwa 4.5 wala kutoa gharama za kusindika, kusafirisha na dalali. Hatari kubwa zaidi iko upande wa pili: kiongozi anayejibu shutuma isiyo sahihi kwa hesabu sahihi hupata sifa ya kuaminika, na makato yasiyo halali, kama yapo, hupita yakiwa yamejificha nyuma ya ushindi huo. Madai ya jumla ya wizi hayajawahi kuwa mbadala wa swali moja mahususi kuhusu safu moja ya jedwali.

Zipo hoja kwamba suluhisho ni kuandika kila kitu kwa Kiswahili. Zina uzito, na marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, yameziongezea nguvu. Mkataba kati ya mkulima wa Rungwe na kampuni ya Rungwe hauna sababu ya kuwa kwa Kiingereza pekee. Hata hivyo, hoja hizo hazifiki mnadani. Mnada wa chai uliozinduliwa Dar es Salaam mwaka 2023 ulipunguza umbali wa kijiografia. Wanunuzi na benki zao wamebaki kuwa wa soko la kimataifa. Hali ni hiyohiyo kwa parachichi aina ya Hass, zao lililoenea Rungwe katika miongo miwili iliyopita na ambalo huambatana na viwango vya ubora vilivyotungwa Ulaya.

Katika kaya nyingi anayekabidhiwa karatasi hizo ni kijana aliyemaliza Kidato cha Nne. Huyo hutakiwa kuwasomea wazazi, na hivyo kurithi nafasi iliyokuwa ya mkalimani wa miaka ya 1950, pamoja na mamlaka yake ya kufupisha. Maswali anayoulizwa na mama yake ni kama malipo ya pili yatatoka lini, nani atabeba hasara majani yakikataliwa kiwandani, na kama kusaini leo kunamzuia kuuza kwingine msimu ujao.