Hofu ya kupitwa: tangu pembe za Kabambare mpaka soko la Kasongo

Leo sileti habari ya barabara wala ya daraja lililokatika. Naanza na aibu yangu mwenyewe.

Mwaka jana, mwanzo wa Septemba, nilikuwa na dola 70 mfukoni. Ilikuwa pesa ya shule ya mdogo wangu anayesoma sekondari. Nilipita sokoni hapa Kasongo kutafuta madaftari. Kijana mmoja alikuwa ametandaza simu juu ya turubai, anapaza sauti: "Zimebaki mbili! Gari lingine ni mpaka mvua iishe!" Wanaume watatu walikuwa wamemzunguka. Mmoja akatoa pesa. Nikasikia moyo unapiga mbio. Mimi nilikuwa na simu yangu nzima, inaita na inarekodi vizuri, lakini nikanunua. Kufika nyumbani, mama aliniuliza swali moja tu: "Ile ya zamani imekufa?"

Tangu siku ile nimekuwa nikifuatilia jambo hili, hofu ya kupitwa. Ni ile hofu inayokufanya ununue kitu, si kwa sababu unakihitaji, ila kwa sababu unaona wengine wanakipata na wewe utabaki. Vijana wanadhani imeletwa na WhatsApp. Lakini historia ya hapa kwetu inaonyesha kwamba Maniema ilifunguliwa kwa biashara ya mbali na hofu hiyo hiyo.

Twende Kabambare, mwaka 1869. Mskoti David Livingstone alitoka Ujiji mwezi wa saba mwaka ule, akafika Kabambare, ambayo yeye aliandika "Bambarre", mwezi wa tisa. Baadaye alikaa pale karibu miezi saba, kuanzia Julai 1870, na sehemu ya muda huo alilazwa na vidonda vya miguu. Kwa hiyo alikuwa na muda wa kutazama nani anapita. Akaandika kwamba habari ya pembe za ndovu za Maniema, nyingi na za bei ya chini, ilizusha huko Ujiji homa kama ile ya dhahabu ya California. Alihesabu kundi moja lenye bunduki 600 lililomfuata nyuma, kila mtu na haraka yake, kila mtu anaogopa kukuta mwenzake amekwisha kununua.

Tazama vizuri homa ile ilivyofanya kazi. Mfanyabiashara wa Ujiji hakuwa ameona pembe hata moja ya Maniema. Alikuwa amesikia tu kwamba jirani yake amepata. Mali aliyobeba, vitambaa, shanga na baruti, mara nyingi haikuwa yake. Ilikuwa ya mkopo kutoka kwa matajiri wa Zanzibar, na mkopo ulikuwa na faida ya kulipa. Hata Tippu Tip, aliyekuja kuwa bwana mkubwa wa Kasongo katika miaka ya 1870, alifanya biashara yake kwa mali ya tajiri Taria Topan wa Zanzibar. Yeye alifanikiwa. Wengine walikaa bara miaka na miaka kwa sababu kurudi pwani ni kukutana na wadai.

Sasa mtu amefika Maniema na deni, anakuta pembe za bei ya chini zimekwisha. Hawezi kurudi mikono mitupu. Anafanya nini? Hapo ndipo babu zetu na bibi zetu walipolipa. Vijiji vilivamiwa, watu wakakamatwa ili wabebe pembe au wauzwe wenyewe. Tarehe 15 Julai 1871, katika soko la Nyangwe kando ya Lualaba, watu wa mfanyabiashara Dugumbe waliwapiga risasi wanawake waliokuja kuuza samaki na mihogo. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400, wengi wao walizama mtoni wakikimbia. Livingstone alikuwa pale sokoni, akaona kwa macho yake. Mimi sisemi kwamba haraka ya kununua peke yake ndiyo iliua watu Nyangwe. Biashara ya watumwa ilikuwa na ukatili wake tangu zamani. Ila nasema homa ile ilileta hapa watu wengi wenye bunduki na madeni kwa mara moja, na deni lao alilipa mtu ambaye hakukopa.

Upande wa wanunuzi wa hapa nao una hadithi yake. Kabla ya merikani, kile kitambaa cheupe kilichokuwa kinatoka Marekani kupitia Zanzibar, watu wa Maniema walivaa viramba, vitambaa vilivyofumwa kwa nyuzi za majani ya miwale, na viramba hivyo vilitumika pia kununulia vitu. Kisha zikaja shanga. Msifikiri wanawake wa zamani walipokea shanga yoyote tu. Stanley, alipokuwa Zanzibar mwaka 1871 akifunga mizigo ya kumtafuta Livingstone, alihangaika sana na jambo hili, kwa sababu kila nchi njiani ilikuwa na rangi yake. Shanga nyekundu za samisami zilipendwa mahali fulani, zikakataliwa kwingine. Nyeusi zilipita Ugogo, mbele ya hapo hazikuwa na thamani. Mwenye msafara aliyebeba rangi iliyopitwa na wakati alikuwa amebeba mawe. Kwa hiyo hofu ilikuwa pande zote mbili za meza. Muuzaji aliogopa mtindo utabadilika kabla hajafika, mnunuzi aliogopa msafara utaondoka na hajui mwingine utakuja lini.

Na huyu mnunuzi wa zamani alikuwa na haki yake. Hilo nataka tulielewe. Msafara ukiondoka Kasongo, mwingine unaweza kuchukua miezi mingi. Kununua leo ilikuwa akili. Wakati majeshi ya Dhanis yalipoingia Kasongo tarehe 22 Aprili 1893, daktari Hinde aliyekuwa nao alishangaa kukuta katikati ya Afrika vitanda vya kuchongwa, magodoro ya hariri na vyombo vya mezani kutoka Ulaya. Kila kitu kilikuwa kimepanda kichwani mwa mtu kutoka pwani. Mji uliokuwa mwisho wa njia ndefu ulikuwa umejifunza kushika kila kinachopita.

Wakati wa Wabelgiji njia ikabadilika, tabia ikabaki. Kuanzia mwaka 1917 watu walilazimishwa kulima pamba. Siku ya kuuza pamba ndiyo ilikuwa siku ya kuona pesa, na wachuuzi walijua tarehe hiyo kuliko hata mkulima. Leo nenda Salamabila, territoire ya Kabambare, kwenye dhahabu. Mchimbaji akipata, vikwembe, redio na simu zimekwisha kumfikia kabla hajaosha mikono.

Hapa Kasongo barabara bado ni mbaya, kwa hiyo uhaba wa kweli upo. Chumvi ikikatika, imekatika. Mafuta ya moto yakipanda, yamepanda. Mama anayenunua chumvi ya mwezi mzima kabla ya mvua hana ugonjwa wowote. Shida ni kwamba muuzaji wa simu, wa wigi, wa kikwembe cha tarehe 8 mwezi wa tatu, amejifunza kutumia sauti ile ile ya mama wa chumvi. Sikio letu lina kumbukumbu ya misafara. Likisikia "zimebaki mbili", linaamini kabla ya macho kuhesabu.

Nimeuliza akina mama wa likelemba yetu wanafanyaje. Mmoja alinicheka. Alisema yeye, siku anapopokea zamu yake, hapiti sokoni kabisa. Anaenda nyumbani, analala nayo, asubuhi anachukua kiasi cha kitu alichokwisha kukitaja mbele ya mume wake. Mwingine ana swali lake: kama jirani yangu asingekinunua, ningekitaka? Jibu likiwa hapana, anapita. Mimi nimeongeza langu, najiuliza kama kitu hiki nilikuwa nakitaka jana, kabla sijakiona. Ile simu ya turubai sikuwa nimeiwaza hata dakika moja.

Pesa ya mdogo wangu ililipwa mwezi wa kumi na moja, baada ya kufukuzwa darasani mara mbili. Alikosa somo la hesabu, na hesabu ndiyo iliyomwangusha kwenye mtihani wa Krismasi. Hakunilaumu. Siku hizi akiona simu ile mezani anaisukuma pembeni kwanza, ndipo anaweka daftari lake.

Jumamosi iliyopita nilipita tena pale sokoni. Turubai ni lile lile, kijana ni yule yule. Aliponiona alinyanyua simu juu, aina ile ile kabisa: "Papa mwandishi! Zimebaki mbili!"