Mpangilio wa fremu: filamu inavyosema bila maneno

Katika La Noire de..., filamu ya mwaka 1966 ya Ousmane Sembène wa Senegali, kuna kinyago kimoja cha mbao chenye kazi kubwa kuliko baadhi ya wahusika. Diouana, msichana wa Dakar, anakitoa zawadi kwa bibi wa Kifaransa aliyemwajiri kulea watoto. Kule Dakar waajiri wake wanakiweka pamoja na vinyago vyao vingine. Baadaye Diouana anawafuata Antibes, kusini mwa Ufaransa, na huko kinyago kinaning'inia peke yake kwenye ukuta mweupe mtupu. Hakuna anayesema lolote juu yake. Mtazamaji anaona kitu cheusi kimoja katikati ya weupe, kisha anamwona Diouana akipita mbele ya ukuta uleule akifanya usafi, naye anaelewa.

Kazi hiyo ya kuamua nini kikae wapi ndani ya picha ndiyo Wafaransa huiita "mise-en-scène". Neno lilitoka kwenye tamthilia, ambako lilihusu kuuweka mchezo jukwaani. Sinema ililirithi na kulipanua: likabeba mahali, vifaa, maleba, mwanga, rangi, mwigizaji anaposimama, anavyotembea, anavyotazama, na umbali ulioachwa kati yake na mwenzake. Wahakiki wengine huongeza pembe ya kamera, wengine huiweka kando. Uhariri, yaani kukata shoti na kuziunganisha, kwa kawaida hauhesabiwi humo.

Kwa Kiswahili wengi hulitafsiri kuwa "mandhari". Sioni kama linatosha. Mwanafunzi aliyesoma tamthilia anajua kwamba mandhari ni mahali na wakati wa tukio: sebuleni, sokoni, usiku wa manane. Ukimwuliza mandhari ya filamu hii atakujibu Dakar na Antibes, na atakuwa amepata, lakini kinyago kitabaki ukutani bila maelezo. "Uongozaji" nalo limezidi mipaka, maana mwongozaji anashughulika pia na hati, sauti na uhariri. Napendekeza "mpangilio wa fremu". Fremu tunayo tayari. Mpigapicha akikwambia umetoka nje ya fremu huhitaji kamusi. Na mpangilio hauji wenyewe: neno lenyewe linamdai mtazamaji aulize nani kapanga, na kwa nini hivi. Anayependelea kutohoa anaweza kusema "mizanseni", ila anayelisikia kwa mara ya kwanza hatakuwa na pa kulishikia.

Istilahi hupimwa kwa kazi, basi tuijaribu kwenye viatu vya Diouana. Amekwenda Ufaransa akidhani ataendelea kulea watoto na jioni aone mji. Badala yake anapika, anafua, anapiga deki, na kazi hizo anazifanya akiwa na gauni la kupendeza na viatu vya visigino virefu. Bibi mwenye nyumba anakereka. Anampa aproni. Siku nyingine anamwamuru avue viatu. Diouana anavivua palepale, anaviacha sakafuni na kuondoka pekupeku. Kwa maneno, tukio zima ni amri fupi ya mwajiri. Kwa macho, ni mtu anayenyang'anywa kitu kilichokuwa bado kinamwonyesha kwamba alikuja kama binadamu mwenye matumaini yake. Hilo haliko kwenye mandhari, kwa sababu nyumba ni ileile. Liko kwenye mpangilio wa fremu.

Diouana si bubu. Mawazo yake tunayasikia kwa Kifaransa, kwa sauti ya Toto Bissainthe wa Haiti, akilalamika kwamba Ufaransa yake ni jiko, sebule, bafu na chumba cha kulala. Lakini waajiri wake hawayasikii. Kinachopita kati yao na yeye ni migongo iliyogeuzwa, macho yanayokwepana, na mwishowe mikono miwili inayogombea kinyago kimoja: Diouana amekitungua ukutani, bibi anataka kumpokonya, kila mmoja anavuta upande wake. Ugomvi ule unaeleza ukoloni vizuri kuliko hotuba.

Kisha Diouana anajiua. Bwana mwenye nyumba anarudi Dakar na sanduku la marehemu, mshahara wake na kinyago. Mama mzazi anazikataa fedha. Mvulana mdogo anakivaa kinyago na kuanza kumfuata Mfaransa yule mtaani. Bwana anaongeza hatua, anageuka nyuma, anaongeza tena, mpaka analifikia gari lake. Mvulana hasemi neno. Kitu kilichokuwa pambo la ukutani sasa kinamfukuza mtu.

Sembène alikuwa mwandishi wa riwaya kabla ya kushika kamera, na aliingia kwenye sinema kwa sababu alitaka kuwafikia Waafrika wenzake wasioweza kusoma vitabu vyake vya Kifaransa. Kwa hadhira kama hiyo, kinyago na viatu vilisomeka vizuri kuliko ukurasa.

Hadhira yetu pia inajua kusoma hivyo. Wanaotafsiri filamu za kigeni kwenye vibanda umiza, yaani vibanda vya kuonyeshea video, mara nyingi huweka maneno mahali ambapo wahusika wametazamana tu, na watazamaji huyapokea, kwa kuwa jicho lilikuwa limeshasema. Ndiyo maana nasikitika nikitazama filamu nyingi za Kiswahili. Wawili wamekaa kwenye sofa, mmoja anasimulia alivyosalitiwa, mwingine anatoa pole, na sofa, pazia na taa havina la kuongeza. Bajeti ndogo ni tatizo la kweli, lakini kinyago kimoja na jozi ya viatu havifilisi mtayarishaji. Kinachokosekana ni mtu wa kuuliza, kabla kamera haijawashwa, kila kilichomo kwenye picha kinafanya nini humo.

Waandishi wa hati wakianza kuandika mpangilio wa fremu kando ya mazungumzo, nusu ya maneno hayo wataona hayahitajiki. Walimu wa fasihi na wahakiki nao walitumie neno hili, na "mandhari" waliachie kazi yake ya zamani ya kutaja tukio limetokea wapi na lini.